Koleo la Bwana Yunusu

Bwana Yunusu Ahmadi, msaidizi wa tabibu wa meno, anastaafu tarehe 30 Juni 1978 baada ya kuitumikia hospitali yetu kwa miaka ishirini na tisa. Katibu wa hospitali ameniagiza mimi, Eliezeri wa stoo, niandike wasifu huu, na amesisitiza uwe wa kuchangamsha. Nitajitahidi mpaka pale nitakaposhindwa.

Alianza Machi 1949 kama mfagiaji wa wodi. Kazi ya meno na mataya alijifunza kwa kumshikia daktari taa, na daktari alipohama, taa na kazi vikabaki kwake. Alikuwa na kijiti chake cha mbao. Aliyeumia usoni alipewa akiume kwa nguvu, kisha Bwana Yunusu anakipindapinda. Mgonjwa akikishikilia mpaka kivunjike, anaambiwa aende nyumbani akanywe chai. Akikiachia kwa maumivu, taya limevunjika. Daktari mmoja mgeni alimcheka sana kwa kijiti hicho, akapiga wagonjwa wote picha za eksirei wiki nzima. Jumamosi alikuja mwenyewe kuomba kijiti.

Taya lililovunjika alilifunga kwa waya, meno ya juu na ya chini yakabanwa pamoja kwa wiki sita, mgonjwa akaishi kwa uji na maziwa. Hatari yake ni moja: mtu huyo akitapika, matapishi hayana pa kutokea, na atapaliwa afe. Kwa hiyo Bwana Yunusu hakumruhusu mtu kwenda nyumbani bila koleo dogo la kukatia waya, amelifunga kwa bendeji na kumvisha shingoni. Ndugu wa mgonjwa aliwafundisha kukata kwa kutumia gunzi la hindi lililozungushiwa waya. Kulikuwa na bibi mmoja aliyemaliza magunzi kumi na mawili na kuomba mengine. Wodi nzima ilicheka, naye Bwana Yunusu akamwongezea.

Hapa ndipo ninaposhindwa kuchangamsha.

Februari 1974 alitibiwa Nkuba, mfugaji wa Usangu, kijana aliyepigwa teke la taya na maksai wakati wa kulima. Alipopata nafuu aliruhusiwa, waya zikiwa bado mdomoni, yeye na mkewe Mbuke wakaenda kupanda basi la Chimala. Mimi nilikuwa na miezi mitano kazini, na nilikuwa nimesimama getini nikikagua vifaa, kwa sababu waraka uliokuwa umetoka karibuni ulisema kifaa cha hospitali kisitoke nje. Niliona koleo shingoni mwa Nkuba. Mbuke alinieleza, nami nikamwambia sheria ni sheria. Nililivua mwenyewe nikalirudisha kwenye rafu.

Karibu na Nyololo basi lilimchefua Nkuba, akatapika. Abiria walidhani ni kifafa, wakamlaza chali na kummwagia maji. Mbuke alihangaika na kisu cha kumenyea viazi, lakini kisu hakikati waya. Walimshusha Nyololo akiwa maiti.

Kamati ya uchunguzi ilimwita Mbuke, akasema maneno machache tu: "Mimi waya ya kukata naijua. Koleo mlibaki nalo nyie."

Mwenyekiti aliuliza nani alaumiwe. Nilikuwa nimeinamisha kichwa. Bwana Yunusu alisimama, akasema: "Kosa ni langu. Sikujaza fomu ya kutolea kifaa."

Fomu hiyo haikuwepo. Fomu zote za hospitali nilikuwa nazo mimi, nilijua haipo, na nilinyamaza. Alipewa karipio la maandishi, na cheo alichokuwa amengoja tangu 1966 kikapewa mtu mwingine. Leo tunamuaga akiwa na cheo kilekile, na tumemnunulia saa ya ukutani.

Nilimfuata kwake Mlandege nikamuuliza kwa nini. Alinikaribisha kahawa kwanza. Alisema mimi nikifukuzwa ataletwa mwingine ambaye hajui, wakati mimi sasa najua, kwa hiyo koleo litapita. Alinihesabu kuwa mtu aliyeelewa somo. Sikuelewa kitu. Nilisema nangoja waraka mpya kutoka juu, na waraka haukuja, na miaka minne kila koleo nililikamata pale getini kama mwizi. Ikambidi awalaze wagonjwa wa taya wodini wiki zote sita. Waliokuwa na mashamba na ng'ombe walimtukana, wengine walitoroka, naye aliyavumilia yote. Kila asubuhi akipita stoo alinisalimu na kuuliza hali ya watoto. Afadhali angenitukana na yeye.

Juzi Jumatatu mgonjwa wake wa mwisho, Kalista, mkulima aliyeanguka na baiskeli, aliruhusiwa kurudi Chimala kabla ya wiki sita kuisha, kwa kuwa Bwana Yunusu anaondoka. Alifika getini ameshikwa mkono na mumewe, koleo limemning'inia shingoni. Nilimuuliza mume ni waya zipi za kukata, akanionyesha bila kukosea hata moja. Nikawafungulia geti.

Leo nimesaini fomu ya makabidhiano ya Bwana Yunusu. Penye koleo la kukatia waya nimeandika kwa mkono wangu: limetoka kwa ruhusa yangu, Eliezeri. Katibu akitaka kunipa karipio, barua ailete stoo, nipo.

Bwana Yunusu, kwa niaba ya wafanyakazi wote nakushukuru kwa mataya uliyoyaunga na vijana uliowafundisha. Mungu akupe afya, usingizi mzuri na kahawa isiyokwisha pale Mlandege, wewe na mkeo, mama Rukia. Kwa niaba yangu mwenyewe naomba radhi, na nyingine ya namna hiyo nitaipeleka Usangu kwa Mbuke, ambaye sijawahi kumwomba.