Jembe Baada ya Maua

Kitu cha kwanza binti alichokiona ndani ya basi ni kucha za mama wa kiti cha mbele: kijani tupu, kama aliyepaka rangi mlango.

"Kaka, jembe jipya hilo unakwenda kupalilia nini?" mama akamuuliza baba mdogo wa binti, ingawa hawakujuana.

"Karanga. Zimetoa maua, na magugu ya ndago yamezidi."

"Basi lirudishe dukani. Zikishatoa maua, vikonyo vinashuka ardhini kuzaa. Ukipitisha jembe unavikata. Mimi nang'oa magugu kwa mkono. Mawifi waliponiona nimeinama waliniuliza kama nimeangusha hereni. Nimevuna magunia tisa, wao mawili. Sasa wote wameinama."

"Mgongo je?"

"Mgongo unauma siku tatu, kaka. Njaa inauma mwaka mzima."

Baba mdogo akacheka kwa pua. "Zetu mwaka jana ziliuawa na jua."

Basi likasimama kituoni kwao. Binti, ambaye hata kondakta akimuuliza hujibu kwa kichwa tu, akamshika baba mdogo mkono.

"Halikuwa jua, baba mdogo. Niliviona vikonyo vimekatika kwenye jembe langu, nikanyamaza. Kesho nang'oa kwa mkono."