Sajenti Mureithi na Kamba za Nguo za Mbotela

Alhamisi hii, tarehe 30 Aprili 2026, Sajenti Naftaly Mureithi anastaafu baada ya miaka thelathini na sita katika polisi, kumi na miwili ya mwisho akisimamia ulinzi wa jamii hapa kituoni. Alijiunga akiwa mwembamba sana. Ushahidi ni picha ambayo mkewe, Bi. Wacera, huwaonyesha wageni bila kuulizwa.

Wengi mmesikia kisa cha nguo. Nitakisimulia kama kilivyotokea, kwa sababu nilikuwepo.

Mwaka wa 2019 nguo zilikuwa zikitoweka kwenye kamba kule mtaa wa Mbotela. Tulifanya msako mara mbili, tukawabeba waosha magari wote wa hapo hadi seli, na kesho yake tukawaachilia. Nguo ziliendelea kupotea. Jumanne moja ikaenda suruali ya sare ya Sajenti mwenyewe, kwani anaishi huko huko.

Kabla hajapata nyingine, alisikia kelele nje. Umati ulikuwa umemzingira Fahim, muosha magari na baba wa watoto wawili, na baadhi yao walikuwa na mawe mkononi. Sajenti alitoka mbio akiwa na shati la sare, kofia, na kikoi cha jirani yake, Mzee Kombo. Akasimama mbele ya Fahim.

"Suruali iliyoibwa leo ni yangu," alisema. "Kama mimi sina ushahidi, nyinyi mmeutoa wapi?"

Mama mmoja alikitazama kile kikoi akaangua kicheko. Wengine wakafuata, na mawe yakadondoka moja moja. Baadaye Sajenti aliniambia alishukuru kwamba kikoi kilikuwa kirefu.

Kesho yake hakuitisha msako. Alichukua daftari akaketi kwenye kibanda cha Ummulkheir, muuza mahamri, akaanza kuuliza nani aliibiwa nini, wapi na lini. Wiki mbili alikula mahamri kwa jina la uchunguzi. Jibu likawa moja: Jumanne. Maji hutoka Jumanne, kwa hiyo watu hufua asubuhi, wakaanika karibu na ukuta uliobomoka, kisha wote wakaenda kupanga foleni bombani upande wa pili kuteka maji ya wiki. Mwizi alikuwa akiijua ratiba ya maji kuliko sisi.

Fundi mmoja wa mtaa wa Shauri Moyo aliziba ukuta. Kamba zikahamishiwa mbele ya kibanda cha Ummulkheir, ambaye hapitwi na kitu. Zilibaki siku za Jumanne, ambapo Ummulkheir naye huenda bombani, na hapo Sajenti alimwendea Fahim kumwomba waosha magari wahamie karibu na kamba hizo.

"Afande, umenibeba mara mbili," Fahim alimjibu. "Leo unataka nikulindie suruali?"

Sajenti alivua kofia akamwomba msamaha mbele yetu sote, na mbele ya wateja. Sikuwahi kuona afisa akifanya hivyo. Fahim akaanza kukunja mipira yake ya maji, tayari kuhama.

Miezi mitatu ikapita bila hata soksi kupotea. Mkubwa wetu mmoja alikuja kukagua.

"Umekamata wangapi?"

"Hakuna, afande."

"Sasa umefanya nini?"

"Nguo zimekauka, afande."

Nilijua kesho yake angehamishwa mbali. Badala yake, mkubwa alifikiri, akamtuma mtaa wa Tena, ambako vioo vya magari vilikuwa vikiibwa. Huko nako alianza na daftari.

Sajenti, asante kwa kutufundisha kuuliza kabla ya kubeba. Tunakutakia afya njema na raha tele nyumbani. Lakini tunasikitika kukujulisha kwamba kamati ya usalama ya Nyumba Kumi ya Mbotela, chini ya mwenyekiti wake, Bwana Fahim, imekuchagua kuwa katibu bila kukuuliza, na kikao cha kwanza ni Jumamosi saa nne asubuhi. Ijumaa ni Mei Mosi. Pumzika siku nzima, afande.

Konstebo Shirleen Aloo, kwa niaba ya wenzako kituoni