Ufunguo wa Bomba

Katika mji ule wa Texas hata msibani watu huvaa kijani cha timu. Basi la uwanjani lilijaa kofia za kijani, maana Kocha Haskell Prewitt alikuwa anaagwa palepale alipofundisha futiboli ya Kimarekani ya chuo miaka ishirini na sita.

"Mechi mia mbili na kumi na moja alishinda, dada," jamaa mmoja mnene alimwambia mwanamke wa kiti cha pili. "Kabla yake nani alikijua chuo hiki?"

"Na yule mchezaji wake, Curtis Haynie, je? Jua la Agosti, masaa matatu anakimbizwa bila tone la maji. Mtu kafa kwa kiu, wewe unanihesabia mechi!"

"Zama zile anayekunywa maji mazoezini alionekana legelege, Texas nzima. Halafu moyo wa yule kijana ulikuwa mbovu. Daktari alisema."

"Daktari wa nani? Wa Kocha! Mtu katambaa mpaka bombani, kakuta limefungwa kwa kufuli."

"Ulikuwepo?"

"Sikuwepo. Lakini bomba halijifungi lenyewe, bwana."

Nyuma yao Dewitt Ames, msaidizi wa Kocha enzi hizo, alitazama dirishani. Mfukoni mwake mlikuwa na hotuba ya kumsifu marehemu, na ufunguo wa bomba. Kocha alimkabidhi siku ile ya Curtis, akamwambia asimpe mtu. Hakumpa mtu.

Basi likasimama. Wale wawili wakashuka, bado wanabishana.

"Mzee, si unashukia hapa?" dereva akauliza.

"Nashuka."

Akaitoa hotuba. Ufunguo akauacha humohumo mfukoni.