Bomba la Nje ya Ukuta: Maisha ya Shemasi Ibidunni Asabi Oyelakin, 1950–2023

"Mama Kolade, kwani wewe ndiye serikali?"

Swali hilo aliulizwa na jirani yake, Alhaji Mukaila muuza saruji, asubuhi moja ya vumbi la Januari. Marehemu alikuwa ametoka kufunga koki mpya kwenye bomba lililo nje ya ukuta wake, maana ile ya kwanza ilikuwa imeibwa, na ya pili nayo imeibwa. Maji yalikuwa yameanza kutoka na watu wamejipanga na ndoo zao. Marehemu hakuinua hata kichwa. Alisema, "Serikali mimi sijaiona, Alhaji. Nikiiona nitaisalimia. Lakini dumu lako limejaa. Litoe, mwenzako aweke lake." Watu wakacheka. Alhaji naye akacheka, akalitoa.

Huyo ndiye tuliyekuja kumzika leo. Familia imeniomba niandike habari zake kwa kuwa mimi, Wuraola, ni mdogo wake wa mwisho, na ni yeye aliyenilea. Shule yangu niliishia darasa la sita, kwa hiyo mnivumilie.

Alizaliwa Jumanne, tarehe 14 Machi 1950, hapa hapa Ilugbemi, upande wa Oke-Aanu. Baba yetu, marehemu Ezekieli Ajani, alilima viazi vikuu na kakao kidogo. Mama yetu, marehemu Comfort Abeni, alikamua mawese. Ibidunni alikuwa kifungua mimba wao, na mgongo wake ndio uliotubeba sisi wengine wote.

Alianza shule ya msingi ya Wabatisti mwaka 1956, ada zilipokuwa zimeondolewa katika jimbo letu la Magharibi hapa Nigeria, akamaliza 1961. Baada ya hapo alisoma miaka mitatu ya shule ya kati, akahitimu Desemba 1964. Alitaka kuwa muuguzi. Lakini baba aliugua mgongo, na wadogo zake walikuwa nyuma yake wanangoja kusomeshwa, akaacha. Kama liliwahi kumuuma, mimi hakunionyesha.

Mwaka 1970 aliajiriwa ofisi ya maji, kazi yake ikiwa kupeleka bili nyumba kwa nyumba. Nyinyi wadogo mlio hapa huenda msiamini, lakini siku hizo mtu alifungua bomba na maji yakatoka. Baadaye yakawa yanatoka kwa wiki mara moja, kisha Krismasi na Pasaka, kisha yakakoma. Bili hazikukoma. Marehemu aliendelea kuzipeleka kwa sababu ndiyo kazi aliyopewa. Siku moja mama mmoja wa sokoni aliipokea bili, akamshika mkono, akampeleka hadi kwenye bomba lililoota kutu, akamwambia, "Haya, lisomee lenyewe. Likikubali kwamba limetoa maji, mimi nitalipa."

Alirudi nyumbani akakaa kwenye benchi bila kuvua viatu. Nilimletea eba, ugali wetu wa muhogo, hakuigusa. Akasema, "Wura, mimi ninalipwa mshahara wa maji ambayo hakuna anayeyanywa." Nilimwambia si yeye aliyeharibu pampu. Na ni kweli, si yeye. Pale ofisini kila mtu alisema ni wakubwa, na wakubwa walisema ni wakubwa wao, na huko juu sijui walimsema nani. Katika watu wote wa ofisi ile niliowafahamu, yeye peke yake ndiye niliyemsikia akisema, "Na mimi nimo."

Alifunga ndoa na Bwana Joel Oyelakin, fundi seremala, tarehe 21 Desemba 1974, katika kanisa letu. Mungu aliwajalia watoto wawili, Kolade na Morenikeji. Nyumba yao ilikuwa ya utani mwingi. Alistaafu mwaka 2005, na kiinua mgongo chake kilipopatikana, baada ya kukihangaikia sana, sote tulidhani wataezeka nyumba upya. Yeye akachimbisha kisima cha mashine. Kisha akamwambia mumewe, "Baba Kolade, bomba moja litoke nje ya ukuta, watu wachote."

Shemeji akamtazama. "Nje? Mwaka mzima nimejenga ukuta ili wezi wasiingie, sasa niutoboe?"

"Unaingiza mwizi wewe? Si unatoa maji."

"Na akija mwizi mwenye kiu?"

"Akinywa ataondoka."

Akautoboa. Shemeji yetu mpendwa alifariki tarehe 3 Juni 2009, na hadi mwisho alikuwa akiwaambia wageni kwamba yeye ndiye mwanamume pekee Oke-Aanu aliyelipia saruji mara mbili, mara ya kujenga na mara ya kuziba kando ya tundu alilolazimishwa na mkewe.

Maji yale marehemu hakuyauza. Alichotaka ni kwamba kila nyumba ishike siku yake ya kufagia pale bombani na kuzibua mfereji, ili maji yaliyomwagika yasituame. Yeye alichukua Jumanne, kwa kuwa ndiyo siku aliyozaliwa. Mwanzoni watu walifanya. Baadaye huyu akawa na safari, yule akawa na mgeni, na mwingine akasema yeye ni mpangaji tu, haimhusu. Mvua za mwaka 2010 ziliukuta mfereji umejaa mifuko ya nailoni, njia ikawa tope tupu. Marehemu akakasirika. Akatia kufuli bombani, akatangaza, "Halifunguliwi mpaka mfereji uzibuliwe."

Alikuwa na haki, na hata mchungaji alisema ana haki. Lakini mtaa mzima walikaa wakitazamana, kila mmoja akimngoja mwenzake ashike jembe. Walioweza walinunua maji, na wasioweza wakarudi kijitoni. Hapo ndipo Risikat, mjukuu wa Alhaji Mukaila, alipopata kipindupindu. Alikuwa na miaka minne.

Marehemu aliposikia hakuuliza zamu ilikuwa ya nani. Alimchukua mtoto mgongoni, wakapanda pikipiki na mama yake hadi hospitali, akakaa naye huko akimpangusa na kumwombea mpaka alipoweza kushika kikombe mwenyewe. Mungu alimponya. Risikat sasa ni binti mkubwa na ameniambia atakuja leo.

Aliporudi, alikwenda bombani kabla hajaingia ndani, akalifungua lile kufuli. Akaniambia, "Nilikuwa na haki, Wura. Na haki yangu nusura imzike mtoto." Halafu akaingia kwenye mfereji ule, akaanza kuuzibua kwa mikono yake. Alhaji alimkuta humo, akakunja kanzu akaingia naye.

Tangu siku hiyo bomba halikufungwa tena. Mtu asipotokea siku yake, marehemu alimfagilia, kisha akaenda kumgongea mlango. "Leo ilikuwa zamu yako. Nimekufagilia. Wiki ijayo sijui kama magoti yatakubali." Wengine waliona haya wakaja. Wengine walimshukuru sana wakafunga mlango.

Alichoka. Tuko mbele za Mungu, siwezi kuandika kwamba hakuchoka. Nilimkuta siku moja ameegemea ufagio, akasema, "Watu hawa wamenichosha." Nikamwambia, basi acha dada, umefanya vya kutosha. Akanijibu, "Mungu naye tumemchosha. Ameacha?" Akaendelea kufagia, nami nikachukua ufagio mwingine, maana ningefanyaje.

Mwaka 2021 miguu ilianza kuvimba. Walisema ni moyo. Daktari aliyemzoea akahamia ng'ambo, na aliyefuata naye akahamia. Hakuwalaumu, alisema wana watoto. Mwaka huu mafuta yalipopanda bei, jenereta ya kuvuta maji kisimani ikawa inawashwa kwa nadra na foleni bombani ikawa ndefu. Alikuwa akitolewa kiti nje, anakaa kando ya ukuta na kusalimiana na watu. Alifariki nyumbani kwake asubuhi ya Jumapili, tarehe 8 Oktoba 2023, kabla ya kengele ya ibada. Alikunywa uji kidogo, akauliza kama maji yanatoka, tukamwambia yanatoka.

Mkituona leo hatukuvaa sare ya msiba, wala hamkuona ng'ombe wa karamu amefungwa uani, si kwamba hatukumpenda. Mwenyewe alikataa. Alisema fedha hizo zinunue mafuta.

Ameacha mwanawe Kolade na mkewe, walioko Abuja, binti yake Morenikeji, aliyeko ng'ambo, wajukuu, sisi wadogo zake, kanisa lake, na mtaa wa Oke-Aanu. Watoto wamezungumza kuhusu nyumba na hawajaafikiana. Yupo anayetaka kuinunua, na anataka ukuta uzibwe. Kolade aliuliza kikaoni, "Mama hayupo. Nani atanunua mafuta? Nani atamfagilia nani?" Silitaji hili kumwaibisha. Swali lake ni la haki, na mle ndani hakuna aliyelijibu. Labda jibu haliko ndani ya nyumba ile, liko kwenu mliosimama hapa.

Bwana ampe kiti, dada yetu, maana alisimama sana.

Wiki moja kabla hajatuacha alituita kitandani. Nayaandika maneno yake kama alivyoyasema, bila kuongeza:

"Bomba la nje msilifunge. Na zamu yangu ni Jumanne. Mtu aichukue."