Nukta Isiyo ya Mwalimu Nicanor

Mheshimiwa Meya, Padre wetu, Mzee Mkuu wa Baraza na wenzako wenye fimbo, Mwalimu Nicanor Surubí mwenyewe, wazazi wenzangu, na nyie watoto wa okestra mlioacha sahani zenu ili mnisikilize: nawasalimu kila mmoja kwa cheo chake, na niliyemruka anisamehe, maana shule yangu iliishia darasa la tatu.

Mimi ni Petrona Chuvé, mfuma vitanda vya kamba, mama yake Rosenda wa fidla. Nimeombwa nimsifu Mwalimu anayestaafu leo, na nitamsifu. Lakini nimesikia kwamba baada ya chakula Katibu wa Baraza ataandika maisha yake katika kitabu cha viongozi wa muziki wa kanisa letu, na mstari mmoja umeshatayarishwa: "Alikuwa hodari, ila mzembe wa kunakili." Mstari huo ndio ulionisimamisha hapa.

Miaka thelathini na minne amesimama kando ya madhabahu na kijiti chake. Nani hapa hakuwahi kusemwa naye? "Wee Chavela, fidla si kuku, mbona unaikaba shingo?" "Hilarión, mwanangu, umefika mwisho kabla yetu. Basi tuchemshie kahawa, tunakuja." Mtoto akilia, humwacha alie, kisha humwuliza, "Umemaliza? Haya, mstari wa pili."

Karatasi zetu mnazijua. Ni za mababu, nondo wamezila, na desturi inataka kila kiongozi azinakili kwa mkono wake. Macho ya Mwalimu yalipoanza kuchoka, alikuja kwangu kimyakimya. "Mama Rosenda, wewe unahesabu nyuzi mia nne bila kukosea. Nihesabie na nukta hizi za nota, uninakilie."

"Mwalimu, mimi nota siijui hata moja."

"Ndiyo vizuri. Anayejua hurekebisha. Asiyejua huandika alichokiona."

Basi nikaandika nilichokiona, wimbo mmoja wa fidla peke yake, ambao Rosenda angeupiga kwenye mtihani wa shule ya muziki kule Santa Cruz. Rosenda alipoufanyia mazoezi, kwenye ukurasa wa tano palitokea sauti ya ajabu. Mwalimu aliisikia, akakuna kidevu, akasema, "Mababu walikuwa na mambo yao." Tukaiacha.

Siku ya mtihani, Rosenda alipofika ukurasa wa tano, watahini watatu walitazamana. "Binti, nota hiyo umeitoa wapi?"

"Imeandikwa."

Wakaitazama karatasi, wakacheka. Mmoja akaanza kufunga daftari. Hapo Mwalimu, aliyekuwa amekaa nami nyuma, kofia magotini, akasimama. "Kosa ni langu, nimenakili mimi. Mpeni karatasi yenu asiyowahi kuiona, ndipo mseme." Wakampa. Akapiga. Akapokelewa.

Tuliporudi, Mwalimu aliifungua karatasi ya kale, akaiinua kwenye mwanga. Ile nukta yangu ilikuwa uchafu wa nzi. Nikasema ninakwenda kukiri.

"Ukiri nini, mama? Mtoto hata kiti hajakikalia, unataka waulize amefundishwa kwa karatasi za nani? Mimi wakinicheka, nitacheka nao."

Akawaambia watu mwenyewe kwamba alinakili uchafu wa nzi, na wakamcheka kweli. Hapa hapa mjini mkamwita Nicanor Nzi. Miji jirani ikaacha kumwomba nakala, na tamasha kubwa la muziki wa miji ya misheni likaongozwa na wengine kwa miaka kumi na mmoja. Hata Rosenda alimsalimia shingo upande, akidhani aliponea chupuchupu kwa uzembe wa mwalimu wake. Nilimwambia ukweli Jumapili iliyopita tu. Akaniuliza, "Mama, miaka yote hiyo ulikuwa ukiniangalia nikimnunia?" Nilikuwa nikiogopa, kwanza nilimwogopea yeye, halafu nikajiogopea mwenyewe.

Je, mtu huyu alikuwa mzembe? Desturi aliivunja, na hilo Baraza limhukumu likipenda, na mimi pamoja naye. Lakini mzembe hupoteza cha wenzake akalinda chake. Huyu alitoa jina lake, kitu pekee ambacho kazi hii ilikuwa imempa, ili mtoto wa mfuma kamba apate mahali pa kukaa.

Usinitikisie kichwa, Mwalimu. Nimekutii miaka kumi na mmoja, leo sikutii.

Katibu, kalamu ipo mezani. Futa mstari ule. Andika kwamba nukta ya ukurasa wa tano ni ya Petrona Chuvé, na uache nafasi chini yake nitie sahihi mbele ya watu hawa.

Nawashukuru nyote kwa kuniazima masikio yenu. Sitaketi kwanza. Namsubiri Katibu amalize.