Ribaundi za Namba Tisa

Ndani ya basi la Patan, mbele ya Sabitri, mzee na mwanafunzi wasiojuana walibishana juu ya mechi ya jana ya mpira wa kikapu kati ya wanawake wa Nepal na India.

"Tumefungwa kwa tofauti ya pointi thelathini, mzee wangu. Namba tisa hakupata hata moja."

"Mwaka jana zilikuwa themanini, mjukuu. Na kwa ribaundi, namba tisa kawashinda wote."

Namba tisa alikuwa binti wa Sabitri. Asubuhi alipiga simu akilia, akasema anaacha kucheza.

Basi liliposimama kituo cha Lagankhel, Sabitri alimgusa mzee bega. "Samahani, baba, ribaundi ndiyo nini?"

"Wengine wakikosa kikapu, mwanangu, yeye ndiye anayeudaka mpira."

"Lakini haihesabiwi pointi," mwanafunzi akadakia.

Sabitri hakumsikia. Simu ilikuwa sikioni, ikiita kwa bintiye.