Tonton Mapengo Hayumo kwenye Picha

Benchi la Eulalie limeegemea ukuta wa sale ya video, ukumbi wa kuonyeshea kaseti, pale mtaani Ibanda, na tangu vita vianze halijawahi kukosa wakaaji. Kahawa yake ya tangawizi ni kali, na maneno ya wanaoinywa ni makali zaidi: habari za wanajeshi husemwa kwa sauti ya chini, habari za katuni kwa sauti ya juu. Jumamosi hiyo ya mwaka 2001, kaseti za katuni, msimu wa sita, zilikuwa zimefika kutoka Bujumbura: familia ile ile ya watu wenye pua kama viazi, wanaogombana kuanzia chai ya asubuhi. Sale ingefunguliwa saa kumi. Saa tisa na nusu Nathanaël, aitwaye Mudomo kwa kuwa ndiye anayewatafsiria watu kaseti kwa mikrofoni, alikuwa bado hajagusa kikombe chake.

— Mbona Tonton Mapengo haiko ku picha? aliuliza Marcellin, karani wa ofisi iliyofungwa, ambaye bado anaitwa Directeur. Alikuwa ameshika ganda la kaseti lenye picha ya familia hiyo; Tonton Mapengo ndiye mjomba wao. — Papa iko, maman iko, batoto iko, ata imbwa iko. Yeye iko wapi?

— Alioa kule Shabunda, alijibu Zagabe, mpakia mizigo wa uwanja wa ndege, aitwaye Maréchal. — Bachimbaji bote banaoaka kule. Bibi yake amemukataza kurudi.

— Hapana! alisema Directeur. — Ule mwenye kumuchora njo iko mu grève, amegoma kazi. Wenzake banachora papa, banachora maman, yeye iko ku nyumba, analala.

— Grève ya miaka mbili, Directeur?

— Miye niko ku ya tatu.

Eulalie aliacha thermos, akalichukua ganda na kuligeuzia mwanga.

— Muangalie imbwa vizuri. Iko na mapengo. Ku saison ya tano haikuwa nayo.

— Unasema Tonton aligeuka imbwa? aliuliza Zagabe.

— Ninasema alijificha! Mutu anatoka Shabunda na dhahabu, anapita barrière saba za basoda. Imbwa njo inapita bila kuulizwa kitambulisho.

Benchi zima lilicheka. Nathanaël hakucheka, kwa sababu yeye peke yake alijua alivyoenda Shabunda huyo Mapengo. Kaseti za zamani zilikuwa za Kiingereza. Katika msimu wa nne Mapengo alitoka nyumbani na sanduku, akisema maneno ambayo hakuna aliyeyaelewa, na Nathanaël hakuyaelewa hata yeye. Sale ikapiga kelele: anaenda wapi? Nathanaël akajibu, Shabunda, kuchimba dhahabu! Watu walicheka mpaka wakamwaga karanga. Basi msimu wote wa tano, kila simu ilipolia ndani ya katuni, alisema ni Mapengo, anaita kwa phonie, ile redio ya kuzungumza na watu wa porini. Niko muzima, ninalala kwa katekista, ng'ambo ya mto Ulindi. Mambo hayo aliyatoa kichwani, maana utotoni, kabla ya vita, alisoma kule kwa miaka miwili. Alijiona fundi.

Sasa kaseti mpya zilikuwa za Kifaransa. Alikuwa amezitazama asubuhi, peke yake. Mwanzoni kabisa familia inamzika Mapengo, huku ikigombania kiti chake. Nusu ya sale ingeelewa kila neno. Aliyemtia hofu ni Maman Cibalonza, muuza mboga, ambaye tangu Mapengo aende Shabunda alikuwa anaketi mstari wa mbele, na hajacheka hata siku moja. Mwanawe Gaston alikwenda machimboni kule mwaka 1998, njia zikafungwa nyuma yake. Nathanaël alikuwa amepanga kusema kwamba anayezikwa ni jirani, na mpango huo ulimtia aibu.

— Bon, Mudomo, weye uliona kaseti, alisema Directeur. — Alirudi ao hakurudi?

— Mungoje saa kumi.

— Jasho inakutoka, alisema Eulalie. — Malaria?

Hakupata nafasi ya kujibu. Maman Cibalonza alikuwa amesimama mbele yao, amevaa kitenge cha kwendea misa, na kifurushi kifuani: sabuni, suruali, barua.

— Mutoto wangu Nathanaël, ile phonie iko wapi?

Mwezi uliopita mtu wa mtaa huo alichukuliwa na wanajeshi kwa kushukiwa kuwa na phonie nyumbani, na hajaonekana tena. Zagabe alitazama pande zote mbili za barabara.

— Maman, usiseme ile neno kwa nguvu.

— Nitasema polepole. Ninajua ile ni picha za kuchora, siko mujinga. Lakini Ulindi si ya kuchora. Ule katekista, Gaston aliniandikiaka habari yake mbele vita ianze. Nathanaël anajua mambo ya kule, donc kuko mutu anamupatiaka habari. Anionyeshe tu huyo mutu.

Nathanaël alisimama. Jirani wa kuzikwa badala ya Mapengo alikuwa tayari ulimini, lakini macho ya mama huyo yalimshinda.

— Maman, phonie haiko. Hakuna mutu. Nilisomaka kule utoto wangu. Mambo yote nilitunga, juu batu bacheke.

Hakulia, wala hakumtukana. Alikipanga upya kifurushi mikononi, barua ikawa juu. Ndani ya sale jenereta lilianza kunguruma.

— Miaka mbili nilikuwa nalala juu ya maneno yako, alisema. Basi sasa, ni nani anajua kama Gaston iko muzima?

Alimtazama Nathanaël, akamtazama Directeur, Zagabe, Eulalie, mmoja baada ya mwingine, akingoja. Hao watu wasiokosa jibu la jambo lolote waliinamisha vichwa.